Kabla ya kumsifia mtu programu ya kurekodi skrini, muulize ana mashine gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalonigusa kila siku ya kazi. Nina steshenari hapa Korogwe, jirani na stendi ya mabasi. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote nawajazia watu maombi ya mtandaoni: mkopo wa elimu ya juu, ajira za serikali, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, namba ya mlipakodi. Msimu wa mkopo ukifunguliwa, foleni hutoka mlangoni kwangu ikafika kwa muuza mihogo.

Foleni hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kutengeneza video. Nilikuwa narudia maneno yale yale kutwa nzima: ingiza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, chukua kumbukumbu namba, lipa ada ya shilingi 30,000, printi fomu, mpelekee mwenyekiti wa mtaa aweke sahihi na mhuri, iskani, ipakie. Nikaona nikiyarekodi haya mara moja, mwenye simu atayatazama akiwa kwao Mombo au Lushoto bila kutafuta nauli ya kuja kwangu. Leo nina video zaidi ya arobaini, na wenzangu wenye steshenari huja kuniuliza natumia programu gani.

Kilichonisukuma kukuandikia ni kijana mmoja aliyekuja mwezi uliopita akiwa na laptopu ya mtumba kama yangu. Ndani yake alikuwa amejaza programu tano za kurekodi skrini, zote kwa kufuata orodha za "programu kumi bora" alizozisoma kwenye simu. Hakuna hata moja aliyofanikiwa kumaliza nayo somo la dakika kumi. Moja ilikwama, nyingine ilibandika jina la kampuni yake juu ya video, nyingine ilimkatisha kabla hajafika mwisho. "Shikamoo mama," alinisalimia, kisha akasema, "nadhani tatizo ni mimi, sina akili ya kompyuta." Maneno hayo yaliniuma. Kijana yule ana akili timamu na mikono myepesi. Orodha alizozifuata zimeandikwa na watu wenye mashine za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, umeme usiozimika, na intaneti isiyopimwa kwa bando. Wanasifia kinachowafaa wao. Waandishi wetu wa kurasa za teknolojia huzitafsiri orodha hizo na kutuletea vilevile zilivyo, bila kuuliza msomaji wa Korogwe, Kahama au Mtwara ana nini mezani.

Mimi nina laptopu yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 4, na Windows 10. Betri imekufa, ukichomoa waya inazima papo hapo. Haiwezi kwenda Windows 11, kwa sababu Microsoft inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 hata msaada wa kawaida wa Windows 10 umekoma. Kwa hiyo mwandishi akinishauri nitumie kile kifaa cha kukata picha za skrini kilichokuja na Windows 11, ambacho siku hizi kinarekodi na video, ananishauri kitu ambacho kwangu hakipo. Na sisi wa mashine za namna hii ni wengi. Ndizo zinazouzwa madukani kwa mitumba, ndizo zilizopo kwenye shule na kwenye steshenari.

Nilianza na kilichokuwemo tayari, yaani Game Bar, inayofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na G. Haina gharama wala haiombi kupakuliwa. Lakini iliundwa kwa ajili ya michezo, na inarekodi dirisha la programu moja tu. Haigusi eneo la kazi la kompyuta wala dirisha la mafaili. Sasa fikiria ninamfundisha mtu kupakia cheti: natoka kwenye kivinjari, naingia kwenye folda, nachagua PDF, narudi. Sehemu anayoihitaji zaidi ndiyo isiyorekodiwa. Kwa mtu anayefundisha Excel peke yake, bila kutoka nje ya Excel, inamtosha kabisa.

Baada ya hapo nilipakua programu moja ya bure ambayo sitaitaja. Nilikaa nayo alfajiri moja, kabla bodaboda hazijaanza kelele, nikarekodi hatua zote za ombi la mkopo. Nilikuwa nimefika dakika ya 34 umeme ulipokatika. Uliporudi saa tano asubuhi, nililikuta faili mahali pake, zito kama linavyotakiwa kuwa, na halikufunguka kwa kichezeshi chochote. Nilijaribu vitano. Kazi yote ilikuwa imekwenda.

Nilitafuta sababu kwa siku kadhaa, na naieleza hapa kwa sababu sijaiona ikielezwa kwenye orodha hizo. Faili la kawaida la mp4 huandikiwa ramani yake mwishoni, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Ramani hiyo ndiyo inayokiambia kichezeshi picha ipi iko wapi na sauti ipi inaambatana nayo. Umeme ukikatika kabla ya kitufe kile kubonyezwa, picha na sauti zote zipo ndani ya faili lakini hakuna ramani, na kichezeshi hakijui pa kuanzia. Faili la mkv, aina nyingine ya faili la video, huandikwa vipande vipande, kila kipande na maelezo yake, hivyo kilichoandikwa hadi umeme unakatika kinabaki kizima.

Ndiyo maana nimeishia kwenye OBS Studio. Ni programu ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, ilianza mwaka 2012 kwa ajili ya watu wanaorusha matangazo mubashara, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haina kikomo cha dakika, haibandiki jina lake juu ya kazi yako, haikudai akaunti wala intaneti ukishaiweka. Inakuruhusu kurekodi kwa mkv, kisha ukimaliza unaingia menyu ya File, unachagua "Remux Recordings", na kwa sekunde chache faili linageuka mp4 bila kupoteza ubora. Toleo la 30.2 la mwaka 2024 liliongeza aina ya mp4 inayostahimili kukatika vilevile. Siku ya kwanza niliijaribu kwa makusudi: nikaanza kurekodi, dakika ya nne nikachomoa waya ukutani. Nilipowasha tena, video ilicheza hadi dakika ya nne kasoro sekunde chache. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye kiti.

Siisifii kwamba ni nyepesi kujifunza. Ukiifungua mara ya kwanza unakuta kioo cheusi na visanduku vitano chini yake, na wengi huishia hapo wakaifuta. Mwenye Windows 7 aelewe pia kwamba kuanzia toleo la 28 la mwaka 2022 haikubali tena mashine yake. La mwisho kwake ni 27.2.4. Lakini kwa aliye na mashine kama yangu, kuna mambo machache yaliyonigharimu wiki kuyajua, na yanaweza kumchukua msomaji wako nusu saa tu.

La kwanza ni nani anayefanya kazi ya kubana video. OBS isipoelekezwa inaweza kuitwika prosesa kazi yote, na kwenye RAM ya GB 4 kivinjari kinaanza kugandaganda huku feni ikipiga kelele inayoingia hadi kwenye maikrofoni. Ndani ya prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011 kuna sehemu maalumu ya kubana video iitwayo QuickSync. Ukiichagua kwenye mipangilio, prosesa inapumua. Kwangu tofauti ilikuwa kama kushusha gunia.

La pili ni ukubwa. Somo la kujaza fomu halina mpira unaokimbia uwanjani. Kipanya kinatembea, maandishi yanatulia. Fremu 15, yaani picha 15, kwa sekunde zinatosha, na ukubwa wa nukta 1280 kwa 720 unatosha. Nilipoacha kiwango cha data kwenye kilobiti 2500 kwa sekunde, video ya dakika kumi ilikuwa karibu MB 200 ukijumlisha sauti. Niliposhusha hadi 800, ikawa chini ya MB 70, na herufi zinasomeka. Tofauti hiyo anailipia mteja wangu, kwa bando lake, kila anapotazama. Kinachosaidia herufi kusomeka ni kuzikuza kabla hujarekodi: nashika Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha mpaka ukurasa ufike asilimia 150. Watazamaji wangu karibu wote wanatumia simu, na kilicho wazi kwenye laptopu kwao ni chembe za mchanga. Halafu naituma kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa kuwa ikienda kama video ya kawaida inabanwa tena na maandishi yanakuwa ukungu.

La tatu lilinisumbua kuliko yote. Kwa somo kama hili OBS inakupa njia mbili: kurekodi kioo kizima, au kurekodi dirisha moja. Kila mshauri anasema chagua dirisha moja, kwa sababu arifa zako za WhatsApp hazitaonekana. Nikafanya hivyo. Video ikatoka safi, nikaisambaza, na maswali yakaanza: "Mama, mbona mkoa unajiandika wenyewe?" Nikaitazama upya. Ile orodha inayoshuka ukibonyeza sehemu ya mkoa, wilaya na kata haikuonekana hata mara moja, kwa sababu kivinjari huichora kama kidirisha kingine kidogo, na mimi nilikuwa nimerekodi dirisha kubwa tu. Fomu zetu zote zimejaa orodha hizo. Tangu siku hiyo nafunga kila kitu kingine, nazima arifa, narekodi kioo kizima, kisha nashika kitufe cha Alt na kuvuta kingo za picha mpaka libaki eneo la fomu peke yake.

Sauti niiseme kwa kifupi. Natumia hedfoni za simu zenye maikrofoni, na OBS ina kichujio cha kelele kinachoondoa feni na muungurumo wa mashine ya kusaga ya jirani. Hakiondoi honi za mabasi. Kwa hizo, dawa ni kuamka mapema.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike kwa uzito. Katika video zangu za mwanzo nilitumia ombi la binti mmoja aliyekuja kuomba mkopo. Nilikuwa namjazia fomu yake halisi huku narekodi, naye alikuwa amekaa pembeni yangu. Sikumuuliza. Jina lake, namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu zote 20, namba ya simu ya mama yake, vyote vilipita kwenye kioo, na mimi nikaisambaza video kwenye makundi matatu. Baada ya wiki mbili mama yake alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa anatoka ofisi ya mikopo, aliyejua jina la binti, shule aliyosoma na mwaka aliomaliza. Aliombwa 20,000 ya kusukuma faili. Akatuma. Alipokuja kwangu kuniuliza kama ombi limepita, ndipo tulipoelewa wote wawili habari zilitoka wapi. Nilimrudishia fedha yake na kufuta video, lakini ilikwisha kuingia kwenye simu za watu nisiowajua.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake. Naiheshimu sheria. Ila nilichojifunza kwa mama yule kimeniingia zaidi ya kifungu chochote, na ndiyo sababu nasema programu ya kurekodi ichaguliwe pia kwa kuangalia inavyokusaidia kuficha. Hili sijaliona likitajwa hata kwenye orodha moja.

Fomu za serikali huwezi kuzijaza kwa jina la uongo ili ufundishie, ni kosa. Kwa hiyo sasa natumia ombi la mtoto wa dada yangu, kwa ridhaa yake, na kwenye OBS naweka kipande cha rangi ya kijivu juu ya sehemu yenye namba. Kipande hicho hakifuati ukurasa ukiusogeza, hivyo nafunika mstari mzima na sisogezi chochote mpaka niondoke pale. Pakiwa pabaya zaidi, nabonyeza kitufe cha kusitisha kwa muda, najaza, naendelea. Kwa mdomo nasema tu, "hapa weka namba yako ya NIDA, tarakimu 20, bila vistari." Mtazamaji anaelewa vizuri kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi programu zinazorekodi na kupeleka video moja kwa moja kwenye seva za mbali kabla hujaitazama. Zinafaa kwa watu wa ofisini wanaotumiana maelezo ya dakika mbili. Mimi nataka video ilale kwenye diski yangu kwanza, niikague sekunde kwa sekunde, kisha niamue. Tena kuipandisha huko kunakula bando mara mbili.

Wapo wanaoniambia kitu cha bure ni dhaifu, ninunue Camtasia. Ni programu nzuri, inarekodi na kuhariri mahali pamoja, na chuo chenye bajeti kitaifurahia. Ila inalipiwa kwa kadi na kwa fedha za kigeni, na kwa hapa mtaani kinachotokea ni vijana kutafuta toleo lililovunjwa kufuli kwenye makundi ya Telegram. Laptopu mbili nimeletewa hapa zikiwa zimefungwa na virusi vilivyoingia kwa mlango huo, moja ikiwa na matokeo ya wanafunzi wa mihula miwili. Kukata na kuunganisha nafanya kwa Shotcut, nayo ni ya bure. Mwalimu mwenye PowerPoint ya miaka ya karibuni naye atazame kwenye menyu ya Insert; kuna kitufe cha kurekodi skrini, na kwa kipande kifupi cha somo kinatosha bila kupakua chochote.

Nisiwasahau wasio na kompyuta, maana wateja wangu wengi wanajaza fomu kwa simu na wanataka kuona simu. Simu nyingi zenye Android 11, iliyotoka mwaka 2020, na kuendelea zina kirekodi ndani yake. Ukiteremsha menyu ya juu utakikuta, na kina sehemu ya kuonyesha miguso ili mtazamaji aone kidole kilipobonyeza. Ukirekodi programu ya benki ukapata kioo cheusi, usidhani simu ni mbovu: waliotengeneza programu wamezuia, na wamefanya vyema. Ila menyu zile za kupiga nyota na namba hazina kinga hiyo. Namba ya siri inaweza kuonekana wazi tarakimu kwa tarakimu wakati unaiandika, nimeiona kwenye video za watu wanaofundisha kulipa ada. Acheni kurekodi kabla ya hatua hiyo, tafadhali. Nami nikitaka kuonyesha simu kwenye kioo kikubwa natumia scrcpy, ya bure pia, inayopitisha picha ya simu kwenye waya wa USB bila bando hata kidogo, kisha OBS inarekodi kama kawaida.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako wa teknolojia ukitaka tena kutupendekezea programu ya kurekodi skrini, mwandishi aiweke kwanza kwenye mashine ya RAM ya GB 4. Arekodi dakika kumi, achomoe waya katikati, kisha atuambie faili lilifunguka au halikufunguka. Atupe uzito wa video kwa dakika moja. Atuambie kama inadai akaunti, kama inabandika jina, na kama kuna njia ya kufunika namba ya mtu. Hayo yangetoka kabla msimu wa maombi ya mkopo haujafunguliwa yangesaidia steshenari nyingi, na wazazi wengi nyuma yake.

Kama dawati lenu halina mashine ya namna hiyo, yangu ipo. Nafungua saa moja asubuhi.

Msomaji wako,
Mwenye steshenari,
Korogwe, Tanga